Risala ya Manahodha na Mabaharia wa Majahazi kwa Wakuu wa Bandari, Forodha, Uhamiaji na Afya

Mheshimiwa Kamishna wa Kaunti, Mgeni wetu Rasmi;
Waheshimiwa wakuu wa bandari, forodha, uhamiaji na afya ya bandari;
Wazee wetu wa mji;
Ndugu zetu mawakala na wachukuzi:



Sisi manahodha, maserahangi na mabaharia wa majahazi na mashua za matanga tutokao Tanga, Wete, Mkoani na Unguja tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha nanyi leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuja kutusikiliza hapa gatini, mahali ambapo kazi yetu inafanyika. Kwa miaka mingi tumekuwa tukieleza shida zetu mmoja mmoja, kila nahodha dirishani kwake, na mara nyingi tumejibiwa kwamba jambo hilo linahusu ofisi nyingine. Leo ofisi zote zimo humu. Ndiyo maana tumeona tuziandike shida hizo pamoja na kuzisoma mbele yenu.

Mheshimiwa, kutoka Wete kuvuka Mkondo wa Pemba hadi Wasini ni maili za bahari 30 hivi, na kutoka Tanga hadi Mombasa ni 70 hivi. Dereva wa lori huimaliza njia ya Tanga na Mombasa kwa kutwa moja, mpaka na forodha vikiwa ndani yake. Sisi tunategemea pepo. Kusi ikishika, upepo na mkondo wa bahari vyote hutusukuma kaskazini, na jahazi lililong'oa nanga alfajiri huweza kuufikia mlango wa bandari kabla ya usiku kuwa mwingi. Kaskazi ikishika, kati ya Desemba na Machi, safari hiyo hiyo ni ya kubisha mchana na usiku, na upepo ukifa tunakaa baharini tanga likiwa limelala juu ya mlingoti. Nahodha anaijua siku ya kuondoka. Saa ya kufika haijui, wala hawezi kuiahidi. Tunaomba jambo hili lishikwe tangu mwanzo, kwa sababu karibu kila shida tutakayoitaja inatoka hapo: taratibu za kupokea chombo zimepangwa kwa ajili ya meli yenye injini, ratiba na wakala, na sisi tunaingizwa humo humo.

Hatukuja kuomba tulegezewe sheria. Tunaingia mchana kweupe na bendera juu. Tunataka kukaguliwa na kuandikwa, kwa maana baharia aliyeandikwa ndiye anayetafutwa asipofika. Tunachoomba ni utaratibu unaotekelezeka na chombo kinachoendeshwa na upepo.

1. Kupokelewa usiku, mwisho wa wiki na siku za sikukuu. Chombo kitokacho nchi nyingine hupandisha bendera ya njano, maana yake chombo kina afya na kinaomba ruhusa ya kuingia. Mpaka afisa wa afya aje na aridhike, hakuna mtu wa kushuka wala wa kupanda. Sheria hiyo tunaiheshimu, na sisi wenyewe hatutaki kuleta maradhi kwa ndugu zetu. Lakini tukifika Ijumaa jioni, mara nyingi hatumwoni mtu hadi Jumatatu. Tunakaa nangani mji ukiwa mbele ya macho, tunaisikia adhana ya msikiti wa ufukweni na hatuwezi kwenda kuswali. Maji ya pipa yanafikia chini. Wapo mabaharia waliokaa hivyo na homa, wakipozwa kwa kitambaa cha maji ya chumvi, kwa sababu nahodha aliogopa kuvunja karantini. Tukiomba afisa aitwe nje ya saa za kazi, tunatozwa kiwango kile kile cha kuitwa kwenye meli ya makontena.

Tunaomba iwepo zamu ya afisa mmoja wa afya kwa Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na namba ya simu ya zamu hiyo ibandikwe gatini na ipelekwe katika bandari za Tanga, Wete na Mkoani ili nahodha aondoke nayo. Tunaomba pia itolewe ruhusa ya maandishi kwamba chombo kinachongoja kinaweza kuletewa maji, chakula na dawa bila kuhesabiwa kuwa kimevunja karantini. Ada ya kuitwa nje ya saa ipimwe kwa tani za chombo.

2. Ofisi nne na karatasi zile zile. Baada ya afya, nahodha hushika njia. Bandari iko upande mmoja wa mji, forodha upande mwingine, uhamiaji ghorofani kwenye jengo la tatu, kisha anarudi bandarini kugongewa muhuri wa mwisho. Kila ofisi inataka orodha ya mabaharia, na kila moja ina fomu yake. Mkuu mmoja akiwa ametoka kwenda mkutanoni, siku hiyo imekwisha, na aliyebaki chomboni anafua maji na kulinda shehena.

Mheshimiwa, ulimwengu umeliona tatizo hili zamani. Mkataba wa Kurahisisha Usafiri wa Kimataifa wa Baharini, uliopitishwa London tarehe 9 Aprili 1965, sasa una fomu saba zinazofanana kwa meli zote: maelezo ya chombo, shehena, mahitaji ya chomboni, vitu binafsi vya mabaharia, orodha ya mabaharia, orodha ya abiria na mizigo ya hatari. Tangu tarehe 1 Januari 2024 nchi wanachama wa mkataba huo zinatakiwa kupokea habari hizo kupitia dirisha moja la kielektroniki. Sisi tunalifurahia dirisha hilo. Ila kwetu hapa linafunguka kwa wakala mwenye kompyuta na akaunti iliyosajiliwa, na nahodha wa jahazi anabaki na mambo mawili: kumlipa wakala fedha inayokula faida yote ya safari, au kuzunguka mji kwa miguu.

Na huko nchi kavu kazi imeshafanyika. Pale Horohoro na Lunga Lunga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, kipo Kituo cha Utoaji Huduma kwa Pamoja Mpakani. Maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja, na lori linasimama mara moja tu. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zinazozalishwa Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, anajaziwa pale pale cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, asilipe ushuru wa forodha. Machungwa ya Muheza yakipita kwa lori yanapata huduma hiyo. Machungwa ya shamba lile lile yakija kwa jahazi, hapa gatini hakuna mwenye kitabu cha vyeti hivyo, na tunaambiwa twende tukatafute. Machungwa hayangoji.

Tunaomba chumba kimoja katika gati ya majahazi, chenye meza ya bandari, forodha, uhamiaji na afya, hata kama maofisa watakaa humo saa chache tu kila siku, asubuhi na alasiri. Tunaomba vyeti rahisi vya uasili vitolewe humo. Tunaomba nahodha aweze kusajiliwa katika dirisha la kielektroniki kwa jina lake na jina la chombo chake, na atume taarifa zake kwa simu ya mkononi. Zamani hatukuwa na simu za namna hiyo. Sasa karibu kila chombo kina angalau moja.

3. Lugha ya fomu. Fomu nyingi tunazojaza ni za Kiingereza peke yake. Nahodha aliyesoma bahari kwa baba yake tangu utotoni anatia sahihi tamko la kisheria ambalo hajalielewa, kisha akikosea anaulizwa kwa nini alitoa habari za uongo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na nyumbani kwetu Tanzania ndiyo lugha ya serikali. Afisa anazungumza nasi Kiswahili fasaha, huku karatasi iliyo mezani kwake ikizungumza lugha nyingine. Tunaomba fomu zote za kuingia na kutoka zichapishwe kwa Kiswahili.

4. Ada zisizojulikana. Hatukatai kulipa. Ada ya mnara wa taa tunailipa kwa moyo mweupe, kwa sababu taa hiyo imeokoa wengi wetu. Kinachotuumiza ni kwamba kiasi tunachotozwa hubadilika kati ya safari na safari, kati ya zamu na zamu, na mara nyingine stakabadhi haitolewi. Viwango vya chini kabisa navyo vimewekwa kwa kufikiria meli kubwa, hivyo jahazi la tani ishirini na chombo kikubwa mara nyingi zaidi yake hulipa sawasawa. Hatumtaji mtu wala hatumtuhumu mtu hapa. Tunaomba ubao mkubwa, wa Kiswahili, usimamishwe mlangoni mwa gati na uandikwe kila ada, kiasi chake na ofisi inayoipokea. Tunaomba malipo yote yafanywe kwa njia yenye stakabadhi, na liwepo daraja maalumu la ada kwa vyombo vya tanga.

5. Hadhi ya baharia wa jahazi. Mheshimiwa, hili tunaliona zito, na tunaomba uvumilivu wako tulieleze.

Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao mabaharia duniani wanauhesabu kuwa ndiyo haki yao, unasema wazi kwamba hauhusu vyombo vya ujenzi wa jadi, na majahazi yametajwa humo kwa jina. Mkataba wa Usalama wa Maisha Baharini wa mwaka 1974 nao unaziacha nje meli zisizoendeshwa kwa mitambo na meli za mbao za ujenzi wa kizamani. Pengine walioandika walitaka kutuepusha na masharti tusiyoyaweza, na kwa hilo tunawashukuru. Lakini matokeo yake tunayaona dirishani. Baharia wa meli ya chuma hutoa kitabu chake na kushuka mjini kwa kibali cha baharia. Baharia wa jahazi hana kitabu hicho, na ingawa amezeeka baharini, huulizwa maswali kama mtu anayehamia nchi. Huulizwa atafikia hoteli gani, ilhali kitanda chake ni mkeka kwenye tezi. Huombwa tiketi ya kurudi, na chombo chake kinaonekana dirishani.

Kisha kuna orodha. Baharia akiugua na kubaki hapa hospitali, au akipata msiba akarudi nyumbani kwa basi, idadi ya waliotoka haiwi sawa na idadi ya walioingia, na nahodha huambiwa ametorosha watu. Ameshikiliwa mtu wa makamo mbele ya vijana wake kwa sababu hiyo, na aliyekuwa akitafutwa yumo wodini, amelazwa.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na chini yake raia wa nchi mwanachama hupewa pasi ya mgeni bila malipo, ya hadi miezi sita. Tunaomba baharia wa jahazi mwenye pasipoti au hati halali ya safari na jina lake katika orodha ya nahodha apewe pasi hiyo hapa hapa gatini, bila kuulizwa hoteli wala tiketi. Tunaomba iwepo fomu fupi ya kubadilisha orodha, itakayojazwa na nahodha siku mabadiliko yanapotokea, pamoja na karatasi ya hospitali au ya mzee wa mtaa. Na kwa mabaharia wazee, tunaomba wakuu wa pande mbili wakae watengeneze kitambulisho kimoja cha baharia wa chombo cha jadi kitakachotambuliwa Tanga, Zanzibar na mwambao wote wa Kenya.

6. Kukimbilia hifadhi wakati wa dhoruba. Kuna usiku ambao hatuchagui bandari. Tanga likipasuka, foromali ikivunjika, au maji yakiingia kwa kasi kuliko mikono inayofua, nahodha huingia katika hori ya karibu, popote palipo na maji tulivu nyuma ya mwamba, iwe pana forodha au hapana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao nchi zetu zote mbili zimeuridhia, unakiruhusu katika ibara ya 18 chombo kinachopita kusimama na kutia nanga kikiwa katika dhiki, na katika ibara ya 98 unaagiza watu walio hatarini baharini wasaidiwe.

Jahazi la wenzetu lililopasukiwa na tanga usiku wa kusi kali liliingia katika hori moja na kutia nanga mbele ya kijiji. Wanakijiji, Mungu awalipe, waliwapa maji na wali. Kulipopambazuka nahodha alishika njia kwa miguu kwenda kutafuta ofisi ya kuripoti. Kabla hajafika, chombo kilikuwa kimeshashikwa, kwa hoja kwamba kimeshusha magendo mahali pasipo na forodha. Kilipekuliwa chote, hadi chini ya sakafu, na hakikukutwa kitu ila shehena iliyoandikwa. Hata hivyo kiliendelea kuzuiwa wakati ofisi zikiandikiana barua, mpaka machungwa yakaoza na kutupwa baharini, na mabaharia wakarudi makwao kwa nauli za kuchangiwa na watu wa msikitini.

Mheshimiwa, shaka yenu tunaielewa. Karafuu za Pemba kisheria huuzwa kwa shirika la serikali, na wapo wanaozivusha usiku kwa magendo. Watu hao wanatuharibia jina na riziki, na tukiwajua hatuwafichi. Lakini mwizi wa karafuu hatii nanga mbele ya kijiji na kwenda kutafuta ofisi kwa miguu. Tunawaogopea zaidi wenzetu ambao, baada ya kuona yale, sasa wanasema heri kubaki nje baharini na chombo kinachovuja kuliko kuingia hori na kupoteza kila kitu. Kauli hiyo ikizoeleka, siku moja tutazika watu, au tutakosa wa kuzika.

Tunaomba uandikwe utaratibu wa hifadhi ya dharura, na usainiwe na ofisi zote nne. Nahodha atoe taarifa mapema awezavyo: mwenye redio kwa chaneli 16, asiye na redio kwa simu ya zamu tuliyoiomba, na pasipo mtandao wa simu kwa mzee wa kijiji au kamati ya usimamizi wa ufuo, ambao wataandika saa ya kufika na hali ya chombo. Ukaguzi ufanywe hapo hapo bila kuchelewa. Chombo kisipokutwa na kosa, kiruhusiwe kutengenezwa na kuendelea hadi bandari ya forodha bila faini. Makubaliano ya mpaka wa bahari ya mwaka 1976 kati ya nchi zetu yaliwakumbuka wavuvi wadogo wa pande zote mbili. Nasi tunaomba kukumbukwa namna hiyo.

7. Mahali pa kufunga. Sehemu ya gati iliyokuwa ya majahazi sasa inajaa boti za injini, na tunafungwa ubavu kwa ubavu hata wa nje avuke vyombo vinne kufika nchi kavu. Maji ya bamvua hupanda na kushuka hadi karibu mita nne hapa, kwa hiyo chombo kisichopata nafasi nzuri hugonga ukuta usiku kucha. Tunaomba sehemu yetu ichorwe rangi na ilindwe, tuachiwe ufuo wa kupweleza vyombo kwa kukalafati, na liwekwe bomba la maji na choo.

8. Kibali cha kuondoka. Tukimaliza kila kitu tunapewa kibali chenye muda mfupi mno. Upepo ukigeuka au bahari ikichafuka, kibali kinakufa nasi tuko nangani, na safari ya ofisi nne inaanza upya pamoja na ada zake. Wapo manahodha vijana waliotoka katika bahari mbaya kwa kuogopa kibali kuisha, na hakuna kati yenu ambaye angependa mwanawe atoke hivyo. Tunaomba kibali kidumu saa 72, na kiongezwe kwa muhuri mmoja wa afisa wa gati iwapo hali ya hewa hairuhusu.

9. Wageni wa mashua za safari. Wametuomba tuwasemee na wenzetu wanaozunguka dunia kwa mashua ndogo za matanga, mume na mke pengine na watoto wao, wanaofika hapa wakiwa wamechoka baada ya majuma baharini. Ule mkataba wa 1965 unaziacha nje mashua za starehe, kwa hiyo hawa hawana hata fomu saba za kuzishika, na kila ofisi huwaamulia ionavyo. Wengine tumewaona wakipewa maji na mabaharia wetu wakati sote tunangoja chini ya bendera moja ya njano. Tunaomba chumba tulichokitaja kiwahudumie na wao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeeleza kwa kirefu kwa sababu tuna imani nanyi. Mambo mengi katika haya hayahitaji bunge wala fedha nyingi: zamu ya simu, ubao wa ada, fomu ya Kiswahili, muhuri wa kuongeza siku. Hayo yanaweza kuamuliwa na waheshimiwa waliokaa meza hii ya mbele. Kwa yale makubwa, yaani chumba cha pamoja, kitambulisho na utaratibu wa hifadhi, tunaomba iundwe kamati yenye wajumbe wa ofisi zote nne, wenzao wa Tanzania, na manahodha wawili tutakaowachagua wenyewe. Tunaomba tupate majibu ya maandishi kabla ya kusi kushika mwezi wa Aprili, wakati majahazi yatakapoanza kupandisha tena kwa wingi kuja huku.

Tunaomba kuwasilisha.

Manahodha na mabaharia wa majahazi na mashua za matanga
Tanga, Wete, Mkoani na Unguja